Krimu ya Antibaiotiki Ina Kidonda Chake

"Dokta, nipe ile krimu ya vidonda."

Nilikaa miaka minne nyuma ya kaunta ya duka la dawa muhimu, na ombi hilo nililisikia karibu kila siku. Sikuwa daktari, lakini kwetu anayeuza dawa huitwa hivyo. Mara nyingi kidonda chenyewe hakikuja dukani. Kilibaki nyumbani, puani kwa mtoto au mguuni kwa babu, na aliyetumwa alikuja na noti ya elfu mbili na maelezo ya maneno manne: "Ana vipele, vinatoa maji." Ukimwuliza vina siku ngapi, hajui. Ukimwuliza kama vinawasha, inabidi apige simu kwanza.

Kuhusu tyubu hiyo ndogo kuna mvutano ambao haujaisha. Wanaofuatilia usugu wa dawa wanasema krimu za antibaiotiki zimeachiwa mno, zinapakwa kila mahali, zinawafundisha bakteria kuishi na dawa, kwa hiyo ziuzwe kwa cheti cha daktari tu au zisiuzwe kabisa. Wanaokaa na wagonjwa kila siku, yaani wauguzi wa zahanati, wazazi na watoa dawa, wanajibu kwamba krimu ni laini kuliko vidonge, bei yake inafikika, na anayeambiwa "nenda hospitali" kwa ajili ya vidonda viwili puani hataenda. Kila upande una ukweli ambao mwingine haupendi kuusikia. Mimi nimefikia kuamini kwamba krimu ibaki kaunta, ila kazi yake ni finyu kuliko tunavyoitumia, na tyubu inayotudhuru zaidi ni ile ambayo mabishano haya huipita pembeni.

Nianze na kidonda ambacho krimu ni chake hasa. Kitaalamu kinaitwa impetigo. Majumbani wengi husema "vidonda" tu au "vipele vya maji". Huanza kama kipele chepesi, mara nyingi chini ya pua, pembeni mwa mdomo, au mahali mtoto alipojikuna baada ya kuumwa na mbu. Ngozi ya juu ni nyembamba, kwa hiyo kipele hupasuka mapema, maji yanayotoka hukauka, na unabaki ukoko wa rangi ya asali. Mtoto mwenyewe huwa mzima, anacheza, anakula. Bakteria wanaohusika ni wawili hasa, Staphylococcus aureus na Streptococcus pyogenes, na husafiri kwa vidole, taulo na shuka. Ndiyo maana kikianza kwa mmoja, baada ya siku chache utakiona kwa mdogo wake. Si ugonjwa wa nadra hata kidogo: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikadiria kuwa watoto milioni 162 duniani wanao kwa wakati mmoja.

Kwa kidonda hiki, anayesema krimu haifanyi kazi amekosea. Mwaka 2012 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa pamoja, ulipitia majaribio 68 kuhusu impetigo. Ulikuta kwamba kwa mtoto mwenye vidonda vichache, krimu ya mupirosini au ya asidi ya fusidiki inaponya sawa na vidonge, pengine vizuri zaidi. Sababu yake inaeleweka. Bakteria wamekaa katika tabaka la juu kabisa la ngozi. Krimu inawafikia moja kwa moja kwa nguvu ambayo kidonge, kikishapita tumboni na kugawanywa mwili mzima, hakiwezi kuifikisha pale. Tumbo halisumbuki, mtoto haharishi, na wale bakteria wema wa utumboni hawaguswi. Hoja ya wauguzi kwamba krimu ni laini kuliko vidonge ina msingi huo.

Ila ina masharti. Vidonda viwe vichache na viwe sehemu moja. Ukoko ulainishwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, utolewe taratibu, pakaushwe. Krimu iliyopakwa juu ya ukoko inaishia kwenye ukoko. Ipakwe mara tatu kwa siku, kwa siku 5, pengine 7, halafu basi. Na anayepaka anawe mikono kabla na baada ya kupaka. Nilipokuwa nayasema haya kaunta, wengi waliniangalia kama ninayewachelewesha, maana walikuja kununua dawa na mimi nawahubiria sabuni. Hata hivyo, bila hatua ya sabuni, nusu ya pesa yao ilikuwa inapakwa juu ya gamba.

Vidonda vikishatapakaa, mfano usoni, mikononi na miguuni kwa pamoja, krimu imeshapitwa. Hutaweza kupaka vidonda ishirini mara tatu kwa siku bila kukosa kimoja, na tyubu ya gramu 15 itaisha siku ya pili. Hapo dawa ya kumeza au sindano ndiyo njia, na ushahidi wake umetoka kwenye jamii zenye vidonda vingi kweli. Kaskazini mwa Australia, jaribio lililochapishwa mwaka 2014 lilihusisha watoto 508, wengi wao wa jamii za wenyeji asilia wa nchi hiyo. Kotrimoksazoli ya kumeza kwa siku tatu au tano iliponya asilimia 85, sawa na sindano ya penisilini ambayo watoto waliiogopa. Kotrimoksazoli ni dawa ya kawaida, ya bei ndogo, inayojulikana zahanati zote. Naitaja kwa sababu wapo wanaodhani kukataa krimu ni kumwacha mgonjwa bila kitu.

Sasa tuje kwenye vidonda ambavyo si vya krimu, na hapa ndipo fedha nyingi ya watu inapopotelea.

Jipu ni la kwanza. Mtu anakuja na uvimbe unaopwita kwapani au kwenye paja, anaomba krimu ya kulikausha. Jipu ni kifuko cha usaha chenye ukuta wake, na kimekaa ndani. Krimu haivuki ngozi nzima, hata ikivuka haipenyi ukuta ule, na hata ikipenya, dawa hufanya kazi hafifu sana ndani ya usaha. Tiba ya jipu ni usaha kutoka. Dogo linaiva lenyewe kwa kitambaa cha maji ya moto kinachowekwa mara kadhaa kwa siku. Kubwa linapasuliwa na mtu aliyesomea, kwa kifaa safi, si kwa kucha wala wembe wa nyumbani. Nimeuza tyubu nyingi kwa watu wenye majipu kabla sijalielewa hili, na nasema hivyo kwa masikitiko.

Maambukizi yanayotembea chini ya ngozi ni hatari kuliko jipu. Mguu unavimba, unakuwa wa moto, unauma ukiguswa, na mpaka wa uvimbe unasogea kila siku. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ina rangi ya zambarau, imevutika, inang'aa, na ukiweka mgongo wa mkono utasikia joto ambalo mguu wa pili hauna. Homa ikiungana na hayo, mtu asipake kitu, aende akapate dawa ya kumeza au ya mshipa siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata homa, maana kidonda cha mguu wake kinaweza kwenda hadi kwenye mfupa bila maumivu makubwa ya kumwonya.

Kuna pia kidonda kisafi, cha kuanguka, kukatwa na kisu jikoni, au kushonwa hospitali. Hiki kinapakwa antibaiotiki "ili kisishike vijidudu". Marekani kuna utafiti maarufu wa mwaka 1996 uliofuatilia watu 922 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi. Nusu walipakwa marhamu ya antibaiotiki aina ya basitrasini, nusu wakapakwa mafuta meupe ya petroli, yale yale tunayojipaka baada ya kuoga. Walioambukizwa walikuwa asilimia 0.9 upande mmoja na asilimia 2 upande wa pili, tofauti ndogo isiyotosha kusema kwamba moja ni bora. Ila waliopata mzio wa ngozi walikuwa wa upande wa antibaiotiki peke yao. Neomisini, ambayo imo kwenye tyubu na poda nyingi za vidonda, nayo ni miongoni mwa dawa zinazojulikana sana kwa kuleta mzio: kidonda kinawasha, kinatoa maji, mgonjwa anadhani kimezidi, anaongeza dawa. Mchubuko wa mtoto aliyeanguka na baiskeli unataka maji mengi ya kutiririka, sabuni, mafuta ya petroli kidogo na kitambaa safi. Kama ulitokana na msumari au udongo, unataka pia kuuliza habari ya chanjo ya pepopunda, jambo ambalo hakuna krimu inayoweza kulibadilisha.

Nifike sasa kwenye tyubu niliyoitaja mwanzoni. Kwenye rafu za maduka yetu, krimu inayotoka haraka kuliko zote mara nyingi ni ile yenye dawa tatu kwa pamoja: moja ya bakteria, kwa kawaida gentamisini au neomisini, moja ya fangasi, kwa kawaida klotrimazoli au mikonazoli, na ya tatu ni steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Ukiitazama juu juu inaonekana ni jibu la busara kwa muuzaji asiyejua ugonjwa na mnunuzi asiye na pesa ya kipimo. Kama si bakteria ni fangasi, kama si fangasi ni muwasho, yote yamo. Nilifikiri hivyo mwenyewe.

Shida ni steroidi. Kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili pale ilipopakwa. Muwasho unakoma ndani ya siku mbili, uvimbe unashuka, na mgonjwa anarudi kuishukuru dawa. Wakati huo huo fangasi, ambao walikuwa wanazuiwa na kinga hiyo hiyo, wamepata nafasi. Dawa ya fangasi iliyomo ndani haifui dafu mbele ya steroidi kali, na mgonjwa huacha kupaka muwasho unapoisha, siku ya tatu au ya nne, wakati fangasi wa ngozi wanahitaji wiki mbili hadi nne. Baada ya wiki mbili vinarudi, vipana zaidi. Umbo la duara, ambalo lingemwambia hata jirani kwamba haya ni mashilingi, limefutika, na sasa hata tabibu mzoefu anapata taabu kuutambua ugonjwa. Mgonjwa ananunua tyubu ya pili. Nchini India madaktari wa ngozi wamekuwa wakipambana kwa miaka mingi na fangasi wasiosikia dawa waliosambaa mno, na wengi wao wanaziweka krimu za aina hii katika mstari wa mbele wa lawama. Pamoja na hayo, steroidi kali ikipakwa muda mrefu hukondesha ngozi, huacha michirizi isiyofutika mapajani na kwapani, na usoni huleta chunusi na wekundu wa kudumu. Na tusifichane: kuna wanaoinunua si kwa ugonjwa wowote, bali kwa sababu inang'arisha ngozi.

Mabishano kuhusu usugu huhesabu tyubu hii kama krimu ya antibaiotiki, na wanaotetea krimu nao huihesabu hivyo. Naona pande zote mbili zinakosea hapo. Antibaiotiki iliyomo ndani yake inapakwa kwa watu ambao wengi hawana bakteria kabisa, wana fangasi, ukurutu au upele wa vimelea wanaochimba ngozi. Hiyo ni kuwazoesha bakteria dawa bila mgonjwa kupata faida hata moja. Ningepewa kuchagua kitu kimoja tu cha kuondoa kwenye uuzaji huru, ningeondoa hii, na ningeiacha mupirosini ilipo.

Ukurutu, ambao wengine huuita pumu ya ngozi, unastahili neno lake. Ukichubuka na kutoa maji, kila mtu hudhani umeambukizwa. Uingereza walilijaribu jambo hilo kwa watoto 113 wenye ukurutu ulioonekana kuwa na maambukizi ya kawaida: wengine walipewa antibaiotiki ya kumeza, wengine krimu ya asidi ya fusidiki, wengine dawa isiyo na kitu, na wote wakapewa matunzo ya kawaida ya ukurutu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 hayakuonyesha faida yoyote ya maana ya antibaiotiki. Kilichowasaidia watoto ni kulainishwa ngozi na kutibiwa ukurutu wenyewe.

Turudi kwenye usugu, maana upande ule una mfano ambao sijawahi kuona ukijibiwa vizuri. New Zealand iliruhusu mupirosini iuzwe bila cheti kuanzia mwaka 1991. Nia ilikuwa njema, tena ni ile ile ya kwetu: dawa salama, ya kupaka tu, kwa nini mtu apange foleni? Mwishoni mwa muongo huo, asilimia 28 ya Staphylococcus aureus waliopimwa huko walikuwa sugu kwa mupirosini. Mwaka 2000 ikarudishwa kwenye cheti. Madaktari wakahamia asidi ya fusidiki, nayo ikaanza njia ile ile: usugu wake, uliokuwa asilimia 17 mwaka 1999, ulifika asilimia 29 mwaka 2013. Baya zaidi, ukoo mmoja wa bakteria uliosambaa sana mitaani humo ulikuwa sugu kwa krimu hiyo na papo hapo sugu kwa dawa za jamii ya penisilini. Yaani krimu ya vidonda vya watoto ilisaidia kuwapandisha daraja bakteria ambao wakiingia kwenye damu ya mgonjwa hospitalini wanaua. Kwa makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022, bakteria wa aina hiyo walisababisha moja kwa moja vifo zaidi ya 100,000 duniani mwaka 2019.

Kwa nini krimu, inayogusa sentimita chache tu za ngozi, inaweza kuleta hayo? Staphylococcus aureus makazi yake ni pua na ngozi. Katikati ya kidonda dawa ni kali na inaua. Pembeni, inapoisha, ni hafifu, na hapo ndipo bakteria wenye uwezo kidogo wa kuistahimili wanapobaki na kuzaana. Kwa asidi ya fusidiki badiliko moja tu la kijeni linatosha kuanzisha usugu. Paka wiki tatu badala ya siku tano, na umewapa muda.

Australia Magharibi ilipita njia hiyo pia, lakini ikageuka mapema. Kwa bakteria wale sugu kwa dawa za jamii ya penisilini, usugu wa mupirosini nao ulifika asilimia 18 mwaka 1993. Wakaweka mwongozo wa kuibana dawa, na kufikia mwaka 1997 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 0.3. Kwa hiyo kubana kunafaa, na usugu si hukumu isiyorudi nyuma.

Pamoja na hayo, siwezi kuichukua New Zealand na kuibandika Songea au Kisumu. Pale krimu ilipofungwa, mzazi alikuwa na daktari wa kumwendea. Kwetu, ninavyojua kwa macho yangu, mtu akinyimwa krimu haendi zahanati. Ananunua rangi mbili, yaani kidonge cha antibaiotiki chenye poda ndani, anakifungua, ananyunyizia poda yake kwenye kidonda. Wengine hutafuta kichupa cha penisilini ya sindano na kumwaga unga wake humo humo. Penisilini ya kupaka iliachwa zamani na tiba ya kisasa kwa sababu ilikuwa inawajengea watu mzio, na mzio wa penisilini unaweza kumfuata mtu kwa miaka mingi, hadi siku anapohitaji sindano hiyo kwa nimonia au kujifungua. Marufuku inayomhamisha mama kutoka krimu safi ya siku tano kwenda unga wa kidonge haijapunguza usugu. Imeongeza hatari juu yake.

Uingereza walijaribu njia ya tatu. Mwongozo wao wa mwaka 2020 unataka impetigo ya vidonda vichache ianze kutibiwa kwa krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 1, ambayo ni dawa ya kusafisha vijidudu tu na si antibaiotiki, na asidi ya fusidiki ifuate endapo ile haifai. Ni wazo zuri, ila krimu hiyo si rahisi kuipata kwenye maduka yetu. Tulichonacho ni dawa ya zambarau, GV, na povidoni ya iodini. Ushahidi wa dawa za aina hii dhidi ya impetigo ni mdogo, na wale wa Cochrane walilisema hilo wazi. GV ina historia ndefu, hata miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya kutibu watoto wachanga imeitumia kwa vipele vya usaha, lakini Canada ilitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu uwezekano wa kuleta saratani kutokana na majaribio ya wanyama, na mama wengi hawataki kumpeleka mtoto shule akiwa na uso wa zambarau. Mimi siifukuzi. Kwa vidonda viwili mguuni, siku chache, mahali ambapo hakuna kingine, naona ina nafasi.

Kuna ushahidi mwingine ambao unaniuma zaidi kila nikiukumbuka, kwa sababu hauhusu antibaiotiki yoyote. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Karachi, Pakistani, ambako familia katika mitaa ya kimaskini zilipewa sabuni na kufundishwa kunawa mikono. Impetigo kwa watoto ilipungua kwa asilimia 34. Sabuni ya kawaida ilifanya sawa na ile yenye dawa ya kuua bakteria. Halafu Fiji, matokeo ya mwaka 2015: jamii nzima ilipewa ivermektini ya kumeza dhidi ya upele, ule wa vimelea wanaochimba ngozi na kuwasha usiku. Upele ulishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9 katika mwaka mmoja, na impetigo, ambayo hawakuitibu, ikashuka kutoka asilimia 24.6 hadi 8. Mtoto hujikuna, kucha hufungua ngozi, bakteria huingia. Ukimtibu upele umeuondoa mlango.

Nawakumbuka watoto waliorudishwa dukani kila mwezi na vidonda vile vile, na mimi nikawauzia krimu kila mwezi. Sikuwahi kuangalia katikati ya vidole vyao. Sikuwahi kumwuliza mama, "Na wewe unajikuna usiku?" Kama wangekuwa na upele, walihitaji BBE, dawa ya kupaka ya upele, au dawa nyingine ya upele kwa nyumba nzima kwa wakati mmoja, shuka na nguo zifuliwe na kuanikwa juani. Krimu zangu zilikuwa zinafuta moshi, moto unawaka chini.

Kwa hiyo nani aiuze, na kwa masharti gani? Tanzania haianzii sifuri. Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kwa wazo kwamba mtoa dawa wa kijijini anaweza kufundishwa, kusajiliwa na kuruhusiwa kuuza baadhi ya dawa ambazo zamani zilikuwa za famasi tu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kuyatambua magonjwa haya bila kumsubiri daktari bingwa. Maana yake kuutambua ukoko wa asali, duara la fangasi na mistari ya upele katikati ya vidole ni ujuzi unaofundishika. Ningependa mtoa dawa aruhusiwe kuuza krimu yenye antibaiotiki moja, baada ya kukiona kidonda. Kama mtoto hakuja, picha ya simu inatosha kuanzia. Siku hizi hata bibi kijijini ana mjukuu mwenye simu ya kupiga picha. Asiuze tyubu ya pili kwa kidonda kile kile ambacho hakijapata nafuu baada ya siku tano, amwandikie rufaa. Na tyubu ya dawa tatu iende kwenye cheti.

Wenye duka watasema wateja watahamia duka la jirani, na watasema kweli. Mimi nilimpoteza mteja mmoja kwa kumkatalia, nikamwona jioni akitoka ng'ambo ya barabara na tyubu mkononi. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya muuzaji mmoja mmoja. Kama ni sharti, liwe la maduka yote ya mtaa, na wakaguzi walitazame kama wanavyotazama tarehe ya kuisha dawa.

Kwa mzazi anayesoma hapa, wapo wagonjwa ambao hata mtoa dawa mwenye busara hapaswi kuwauzia krimu: mtoto mchanga mwenye vipele vya usaha, kidonda kilicho karibu na jicho, mtoto mwenye vidonda na homa, na yule ambaye wiki chache baada ya vidonda uso wake unavimba asubuhi na mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Huyo wa mwisho figo zake zimeguswa na kinga iliyokuwa ikipambana na Streptococcus wa kwenye ngozi, na anahitaji hospitali. Kidonda cha wiki nyingi kisichouma wala kupona nacho si cha kaunta.

Mmoja wa wateja wangu wa mwisho alikuwa bibi aliyemleta mjukuu wa miaka mitatu, vidonda vitatu chini ya pua, ukoko wa asali, mtoto anakimbia dukani kote. Vidole vilikuwa safi. Nilimpa mupirosini, nikamwonyesha namna ya kulainisha ukoko, nikamwandikia namba 5 kwenye boksi. Siku ya sita alirudi na tyubu, imebaki zaidi ya nusu.

"Mwanangu, kidonda kimekauka. Hii niiweke? Maana wa jirani naye ameanza vipele mguuni."

"Bibi, mlete huyo wa jirani nimwone kwanza," nikamwambia. "Hiyo niachie hapa."

Aliiweka kaunta, akaenda kumwita.